Watu wa Josée Wanakula kwa Kushoto

Mwaka huo wa 1996 soko zima la Likasi lilikuwa likimcheka Josée. Kwenye magunia ya unga alichora watu wazima, wenye heshima zao, wamezunguka sahani ya bukari, ugali wa huko, na karibu wote wanamega kwa mkono wa kushoto!

Mzee Joachim, aliyewahi kuapa kwamba alimnyoa ndevu mamba wa mto Lufira, akasimama mbele ya picha.

"Papa, na weye umekuja kunicheka?"

"Minye? Kule Koni nilionaga samaki anavaa kravati. Sishangae kitu."

Lakini alishangaa. Vivuli vya picha vilikuwa mistari myembamba iliyolala kama mvua ya upepo. Mistari hiyo Joachim alifundishwa ujanani na Stanislas, mchonga mbao wa misheni ya Kapolowe.

"Nani alikufundisha?"

"Mubao. Mama alinunua kabati, tukaukuta nyuma ya tiroir, umechongwa bantu. Nikacopier."

Mishahara ilipokatika, Joachim aliuza kabati lile, akasahau alichoweka nyuma ya droo. Miaka mitano ameutafuta ubao huo aliouchonga mwenyewe. Hortense, mkewe, alikufa bila kuacha hata picha moja; sura yake ilikuwa kwenye ubao huo tu, na Joachim alishaanza kusahau kidevu chake.

"Ungali nao?"

"Iko nyumbani. Mama anakatia nyanya, upande ya nyuma."

Njiani kwenda kwao Josée, mzee akamweleza: ubao wa kuchapia huchongwa kinyume, ili chapa itoke sawa.

"Bantu yangu banakula na kuume, mutoto!"

Josée akaziba mdomo. "Na minye bananiita mama wa bantu bila adabu!"

Wakauosha ubao, wakaupaka masizi na mawese, wakatandika gunia, Josée akasugua kwa mgongo wa kijiko. Gunia likainuliwa: wote mkono wa kuume, isipokuwa mwanamke mmoja wa katikati, mwenye kidevu kirefu.

"Huyu ulimukosea, Papa."

"Sikumukosea. Hortense alikulaga na kushoto, hata mbele ya monseigneur, askofu mwenyewe." Akakigusa kidevu, kidole kikawa cheusi. "Aksanti, mutoto. Umenitunzia bibi yangu."

"Aksanti ni yako, mwalimu."

"Basi hiyo aksanti tumupe Stanislas."

Joachim alirudi nyumbani amelibeba gunia wazi kwenye mikono miwili, masizi hayajakauka, akiwapigia kelele wapita njia:

"Pisheni! Madamu anapita!"