Balbu na Feni Hazisalimiani

Pacha wangu ana akili, sikatai, ila zimepinda. Mtu mzima, fundi wa kompyuta anayeheshimika mtaa mzima, alikiangalia kijikompyuta chake, kibao kimoja tu cha saketi kisichozidi kiberiti, akaona mfumo uliokuja nacho hauna adabu. Akaufuta. Akaandika kiini chake mwenyewe, yaani ule moyo wa mfumo unaogawa zamu: kazi gani ishike kompyuta sasa, ipi ikae pembeni ingoje.

"Si kiini cha yai, mama," alimweleza mama. Mama akamjibu kwamba cha yai angalau kinaliwa.

Sasa adabu yenyewe ilikuwa hivi. Kila kazi inapoanza, lazima iiamkie iliyoanza kabla yake. Mdogo aseme shikamoo, mkubwa aitikie marahaba, ndipo wapokezane zamu. Nilimwambia amechanganyikiwa. Akasema nina wivu.

Ningecheka yakaisha, kama asingekwenda kukifunga kidude hicho kwenye mashine ya mama ya kutotoleshea vifaranga, kiongoze balbu ya kupasha joto na feni ya kulisambaza. Ugonjwa ulikuwa umefyeka kuku wote wa mama, hakubaki hata wa dawa. Mayai yaliyokuwa mle ndani ndiyo mbegu pekee ya kuku aliowafuga tangu sisi hatujazaliwa. Alikuwa hapiti karibu na mashine bila kuyachungulia.

Asubuhi moja umeme ukakatika, ukarudi. Kompyuta ikawaka, na kazi ya balbu na kazi ya feni zikaamka kwa mpigo mmoja, hakuna iliyotangulia. Zikanuna. Kwenye skrini tukasoma: BALBU INASUBIRI KUAMKIWA. Chini yake: FENI INASUBIRI KUAMKIWA.

"Zima, washa tena," nikasema.

"Nimeshajaribu. Zinaamka pamoja vilevile."

"Basi iunge balbu moja kwa moja kwenye umeme."

"Bila kompyuta kupima joto? Yatachemka."

"Rudisha ule mfumo wa zamani!"

"Bando limeisha."

Mama hakungoja tumalize. Alifungua mashine, akaanza kuyatia mayai kifuani, mengine akayafunga tumboni kwa shuka, kisha akaketi wima kwenye kiti cha jikoni. "Msinichekeshe," alituonya. "Nikicheka yanavunjika."

"Andika mstari mmoja tu," nikamwambia pacha wangu. "Sema feni ndiye mdogo. Kwisha."

"Siwezi kumpachika mtu udogo. Mdogo hukubali mwenyewe." Akanikazia macho. "Kuna watu humu wangekubali udogo wao mapema, hata mimi ningejua namna ya kuuandika huo mstari."

Alaa! Kumbe ndiko tunakokwenda. Tangu tuna meno ya utoto tunagombana nani alitangulia kuzaliwa, na leo mayai ya mama yapoe kwa ajili hiyo! Nilitamani kumzaba kibao. Lakini nikamtazama mama, anavyovuta pumzi kidogo kidogo, jasho linamtiririka, mkono umelishika tumbo kama mjamzito. Nilimwonea huruma. Yale mayai yakifa, hana tena.

Nikamgeukia pacha wangu. "Shikamoo, kaka."

Pacha wangu akaganda. Mdomo wazi, vidole hewani. Miaka yote ameisubiri, na ilipofika hakujua aipokee vipi.

"Itikia, we mtoto!" mama alisema kwa ukali wa chini chini. "Yanapoa!"

"Ma... marahaba," akasema, machozi yakimlenga. Akaandika mstari wake, akajifuta pua kwa mkono wa shati, akawasha. Feni ikaiamkia balbu, balbu ikaitikia. Mwanga ukajaa ndani ya mashine, na mimi nikapiga kelele kwa furaha.

Tukayarudisha mayai moja moja, yote mazima. Bwana mkubwa sasa alikuwa anatembea kifua mbele jikoni. "Mdogo wangu, shika hapa. Taratibu, mdogo wangu. Mdogo wangu, hebu nipishe." Nikafungua mdomo nimpe vidonge vyake.

Mama akanivuta sikio mpaka nikainama.

"Wewe ndiye uliyetangulia," akaninong'oneza. "Ila ufunge mdomo mpaka vifaranga watoke."