Mama Alitaka Mjomba Aitwe

Siku ya kuondoa tanga, baada ya misa ya kumwombea mama, tulikaa kwenye mikeka nyuma ya nyumba pale Mlali tusikie ukoo utasema nini kuhusu shamba. Kaka yangu Stefano alikaa karibu na ukuta, miguu kaikunja kama mgeni. Mimi nilikuwa na Glory mgongoni, mwanangu ambaye hajaota hata jino, amelala.

Shamba hilo Stefano amelilima tangu alipomaliza darasa la saba. Mimi niliolewa Kihonda, nashona nguo. Yeye ndiye aliyebaki na mama, akampeleka hospitali, akaujaza mteremko mzima miparachichi. Mpaka majirani wanaliita shamba la Stefano. Lakini kwetu Waluguru ardhi inafuata tumbo la mama. Watoto wa Stefano ni wa ukoo wa mkewe, Juliana. Kwa hiyo mrithi nilikuwa mimi, na baada yangu huyu aliyekuwa ananidondoshea mate mgongoni.

Agnes, mtani wetu aliyekuwa akigawa chai, hakungoja kikao kianze.

"Stefano, kosa ni lako. Ulipokuwa tumboni uliulizwa, sketi au suruali? Ukakimbilia suruali. Haya, nenda nayo kwa wakwe zako."

Watu walicheka. Stefano naye alicheka, kidogo.

Mjomba Tomasi, kaka yake mama na mkubwa wa ukoo, alinipa nafasi niseme.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama."

"Mimi shamba silihitaji. Namwachia kaka."

"Mrithi anashika, haachii. Hilo shamba umeshikishwa tu."

"Mjomba, kwenye darasa la jioni ninalosoma kule Kihonda alikuja msaidizi wa kisheria, watu wakamuuliza mambo ya mirathi. Na mimi nikauliza hili. Alisema ardhi ikiwa ya ukoo, ukoo ukikaa ukakubali, inawezekana."

"Kasema kweli kabisa. Sasa ukoo umekaa, na haujakubali."

Wakacheka tena. Yeye hakucheka.

"Magdalena, kule bondeni umeona ukuta wa matofali? Pale palikuwa petu. Tulimwonea huruma kijana wetu kama hivi, tukampa. Alipokufa, watoto wake wakamuuzia mtu wa mjini. Makaburi ya bibi zako yamo ndani ya ukuta ule. Siku ya kuyasafisha tunabisha hodi getini, na mlinzi anatuuliza sisi ni nani."

Mjomba akainamisha kichwa, sauti ikashuka.

"Hata hivyo, dada yangu mwenyewe angeniita, akatamka mbele yetu kwamba kipande fulani ni cha Stefano, nisingembishia. Nilijua anampenda. Nilingoja aniite. Hakuniita."

Nilimtazama Stefano, naye akanitazama. Mama aliomba mjomba aitwe. Mimi nilikuwepo, nampoozea uji. Alisema, "Mwiteni Tomasi, nina neno la shamba." Stefano akamshika mkono. "Mama, usijichurie. Hayo tutayasema ukipona." Hakutaka aonekane mtoto anayemzika mama yake kabla ya siku zake. Na mimi nilimwona ana adabu, nikaendelea kupooza uji. Mama hakuomba tena.

Nikafungua kinywa niseme. Stefano akaniwahi.

"Mama alitaka uitwe, mjomba. Mimi ndiye niliyemkataza."

Hata Agnes alikosa utani. Alibaki kashika birika.

"Ulimkataza kwa kumpenda," mjomba alisema.

"Nilimkataza."

Kisha mjomba akasema miparachichi ni jasho la Stefano, ataichuma mpaka ikauke yenyewe. Ardhi ni yangu na ya Glory. Stefano atalima, lakini kwa kuniuliza mimi. Wazee wakaitikia, na Juliana akainuka kwenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa bado na chai.

Mvua za masika zilipokaribia, Stefano alikuja Kihonda. Alisimama mlangoni. Nilimkaribisha kiti, akasema yuko sawa hapo hapo.

"Nimekuja kukuuliza, dada. Msimu huu nipande nini?"

Huyu ndiye aliyekuwa ananibeba kuvuka mto ili viatu vyangu vya shule visilowe.

"Kaka, jamani. Panda unachotaka."

"Juliana anataka tuongeze miparachichi kule juu."

"Ongezeni."

"Halafu watoto wakue wakidhani ni pao?"

Nilimwambia nitamwita mjomba Pasaka hii, nikiwa na afya yangu, nitamke mbele ya ukoo mzima kwamba hapo atalima mpaka uzee wake, na hata Glory akikua asimguse. Alimpokea Glory, akamfuta pua kwa kidole gumba.

"Mwite," alisema. "Lakini mwaka huu nitapanda maharage tu. Yanakomaa upesi, hayamsumbui mtu."