Hotpoti ya Bi Jalila

Mkataba wangu ulikuwa na kurasa nane na vifungu ishirini na viwili, nami niliusahihisha mara tisa kwa sababu niliuamini. Nilisoma uhusiano wa kimataifa miaka minne. Kazi sikupata, lakini kina mama wa Mtongwe walinipa ukatibu wa kikundi chao cha sabuni, nikaona hapa ndipo pa kuanzia. Tanga wana mwani uliokaushwa, wanunuzi hawana. Sisi tuna mafuta ya nazi, na duka moja karibu na uwanja wa ndege limekubali kuuza sabuni zetu. Mwani hatuna. Tulikuwa tumekaa miezi mitatu bila kupika hata kipande kimoja, na wanachama sita walikwisha kurudi kukaanga mihogo kivukoni. Mwenyekiti wetu, Bi Mwanatabu, aliniambia wazi: leo wageni wasipotia sahihi, kikundi kimekufa.

Wageni walifika Jumamosi, wanawake watatu kutoka Tanga, wakiongozwa na Bi Jalila. Huyu alichaguliwa mwenyekiti kwa kura arobaini kwa tatu, na alipenda ijulikane. Bi Mwanatabu alishinda kwa kura moja, yake mwenyewe, na hakupenda ijulikane. Mimi nilifurahi tu. Demokrasia mbili, meza moja.

Mwezi uliopita, katika ziara ya kwanza, Bi Jalila alicheka nasi hadi machozi. Safari hii alikaa wima kama aliyekuja kwenye matanga ya mtu asiyemjua. Kaimati tulizomwandalia hakuzigusa.

"Kifungu cha nne," nikasoma. "Pande zote mbili zitashauriana kuhusu masuala ya kimkakati na kiuchumi. Mna pingamizi?"

"Hatuna, mwanangu. Ni kizuri." Macho yake yalikuwa kwenye rafu, nyuma yangu.

"Basi tutie sahihi?"

"Tutatazama. Tukifika nyumbani tutaitisha mkutano."

Maneno hayo nayajua. Ndiyo niliyoambiwa katika kila ofisi nilikopeleka barua ya kuomba kazi.

Mutua, mpishi wetu wa sabuni, kwao ni Machakos na subira hana. "Mama, kama bei ni mbaya, semeni. Sisi tunaweza kusonga kidogo."

"Bei nzuri, kaka."

"Usafiri?"

"Usafiri mzuri."

"Sasa shida iko wapi?"

"Shida haipo," akasema Bi Jalila, akaitazama tena rafu, akashusha pumzi.

Nikawaza labda ni lile neno "kimkakati", maana kambi ya wanamaji iko hapo jirani na huenda linatisha. Nikalifuta. Nikaandika "kwa moyo wa ujirani mwema". Bi Jalila akasema ni maneno matamu, kisha akauliza basi la Tanga linapita Likoni saa ngapi.

Hapo Bi Mwanatabu akageuka kutazama kile alichokuwa akitazama mgeni. Juu ya rafu ilikuwapo hotpoti nyekundu yenye maua ya waridi, ile iliyokuja ziara ya kwanza imejaa vitumbua. Mimi ndiye niliyeiosha, nikaitandikia kitambaa na kuibandika lebo kwa mwandiko wangu mzuri: *Zawadi ya Urafiki kutoka Tanga, Tanzania. Usiguse.*

"Nasreen!"

"Abee."

"Njoo jikoni."

Jikoni akaninong'oneza kwa ukali. "Ile hotpoti mbona hukuirudisha?"

"Bibi, ni zawadi ya kidiplomasia."

"Zawadi ni vitumbua, na tumevila! Chombo kina mwenyewe. Chombo cha watu ukakitia lebo, na mwenyewe amekaa yuwakitazama?"

"Mbona hakusema?"

"Wewe ungesema? Utoke nchi nyingine, uje kudai hotpoti? Wallahi, huko chuo kikuu walikufunza nini?"

Nilitaka kulia. "Basi nikampe sasa hivi."

Akanishika mkono. "Kitupu? Ndiyo utuzike kabisa!"

Chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hilo nalijua tangu nikitumwa na mama kupeleka sahani nyumba ya pili. Sikuwahi kufikiri tu kwamba mpaka wa Lungalunga nao ni ua kama ua mwingine.

Chakula cha maana hakikuwapo. Mutua akachungulia mlangoni. "Kuna isyo yangu. Mahindi na maharagwe."

"Hotpoti ya Tanga, chakula cha Machakos?" akasema Bi Mwanatabu. Akaonja. Kisha akaniamuru nikune nazi mbili. Tui likamiminwa, pilipili ikafuata, na baada ya dakika ishirini isyo ya Mutua ilikuwa pure ya nazi, kama iliyozaliwa pwani.

Bi Mwanatabu akaibeba hotpoti kwa mikono miwili. "Utusamehe, dada. Chombo chako kimekawia."

"Jamani! Mimi hata nilishakisahau," akasema Bi Jalila, akiwa amekwisha kukinyakua. Kisha akacheka, na machozi yale ya mwezi uliopita yakarudi. "Mwanangu anaolewa wiki ijayo. Seti yake ni hotpoti tatu, nami hii niliichukua bila kumwambia. Mwezi mzima naishi kwangu kama mwizi!" Akafunua. "Ah, pure!"

"Si ungesema nilipouliza shida iko wapi?" akalalamika Mutua.

"Kaka, mengine hayasemwi."

Kaimati zote zikaliwa. Bi Jalila akatia sahihi kurasa zote nane bila kusoma hata moja, ya mwisho ikiwa na doa la tui. Nilijaribu kuibandua ile lebo kwa ukucha, lakini gundi niliyotumia ilikuwa ya kweli kweli, na basi halingoji. Hotpoti ikavuka mpaka na lebo yake.

Baada ya wiki mbili kondakta alitushushia magunia manne ya mwani. Juu yake lilifungwa bakuli la halua ya arusi, na ubavuni lebo, mwandiko si wangu: *Bakuli hili si Zawadi ya Urafiki. Nasreen, lirudi.*

Nilipogeuka, Mutua alikuwa ameshaloweka mahindi.