Makubadhi ya Ngozi ya Gari

Mume wangu Alfani huwashonea watu viti, lakini mwenyewe kukaa hajui. Akila husimama, akinywa chai huzunguka uani na kikombe mkononi, na akiwa na jambo moyoni ndiyo balaa zaidi. Juma lile kabla mama yangu hajaondoka kwenda Hijja, nilikaribia kumfunga kamba.

Yote yalianza na gari la Lewis. Lewis ana boti za kuvushia wageni kwenda kisiwa cha Chale, na fedha ikimzidi hununua vitu vibovu. Safari hii alikuwa amenunua gari dogo la mashindano, la miaka ya sitini, milango miwili, pua ndefu, na ndani panya walikuwa wamejenga mji. Alitaka lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Akaagiza ngozi kutoka ng'ambo, nyekundu iliyokolea, laini hata ukiishika unaona haya. Alfani akang'oa viti, akashona upya vitako na migongo, akaivisha milango, akapamba chini ya dashibodi ya mbao, akamalizia na kile kifuko kinachozunguka mti wa gia. Sijapata kumwona akifanya kazi kwa raha vile.

Kwa mafundi wa viti, vipande vinavyobaki ni haki ya fundi, na Lewis mwenyewe alimwambia achukue. Alfani akavichukua, akamshonea mama yangu makubadhi.

Mama yangu, Bi Chiku, ana miguu mibaya. Vidole vimepandana, na hajawahi kuvaa kiatu kisimtoe machozi. Tena kwa Alfani ana ile heshima ya ukwe ya kizamani: tangu anioe, alikuwa hajasema naye moja kwa moja ila kuitikia shikamoo. Maneno yote hupitia kwangu. "Twaiba, mwambie mumeo afunge mlango." Na Alfani kasimama hapo hapo mlangoni! Mimi ndiyo simu yao. Wengine wangesema ni adabu tu, lakini Alfani alifiwa na mama yake angali mchanga, na jambo hilo lilikuwa likimuuma.

Basi mama akayavaa makubadhi, akaenda hadi jikoni akarudi, akasimama mbele ya Alfani.

"Alfani, mwanangu," akasema, "Mungu akuweke. Nitakwenda nayo Makka."

Alfani alitoka nje akaenda kulia nyuma ya tangi la maji. Akadhani sikumwona.

Siku chache baadaye alirudi kutoka gereji ya Lewis mchana kweupe, marekebisho ya mwisho hajamaliza, kashika kipande cha ile ngozi kwa gazeti. Akaniambia aliyoyasikia kwa Kitsao, fundi wa injini ya gari lile. Kitsao si Mwislamu na hakuwa na nia mbaya. Alipapasa tu kiti akasema, "Bwana Alfani, hii si nguruwe hii? Magari haya ya zamani nasikia walikuwa wakiyatia nguruwe ndani. Vinyweleo vyake hukaa vitatu vitatu."

"Hebu tazama," Alfani akanihimiza. "Ni vitatu?"

Nikatazama. Niliona matundu.

"Mimi kivulini naona vitatu," akasema. "Juani sioni kitu."

Lewis alikuwa kaenda baharini na wageni wa kuvua, simu haipatikani. Alfani akampigia tena. Akaenda barabarani akarudi. Akakitazama kipande, akanawa mikono, akakitazama tena, akanawa tena. Nilimkasirikia yeye, kisha nikamkasirikia Kitsao, kisha nikamkasirikia nguruwe mwenyewe, ambaye hata hajanikosea. Kesho yake Lewis bado hapatikani, na keshokutwa alfajiri ndiyo safari ya mama.

"Tukinyamaza?" Alfani akaniuliza. "Huenda ni ng'ombe."

"Huenda. Na huenda mama yangu atatembea Mina na Arafa na nguruwe miguuni. Mficha uchi hazai, mume wangu. Twende."

"Hatasema nami tena, Twaiba."

Nami niliona hivyo hivyo, nikachukua buibui langu.

Tulimkuta mama anapanga sanduku, makubadhi miguuni. Alfani hakukaribia kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, nisamehe. Yavue hayo makubadhi. Ngozi yake imenitia shaka. Yawezekana ni ya nguruwe. Sina hakika, na mwenye hakika hapatikani."

Mama aliyavua moja moja. Miguu yake ilikuwa na jasho. Akaitazama, asimtazame Alfani.

"Twaiba," akasema, "mwambie mumeo aniletee mchanga safi."

Alfani akachota mchanga mwenyewe, akauleta kwenye bakuli, akaliweka chini kama anayemwekea mgonjwa. Mama akaosha miguu mara saba, ya kwanza kwa mchanga, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani kuosha najisi ya nguruwe. Makubadhi akaagiza yafukiwe. Alfani akayafukia nyuma ya banda la kuku.

Aliondoka na malapa ya mpira, mkanda ukimkata pale pale penye kidole kibovu. Wakati wa kuagana alinikumbatia akasema, "Mwambie mumeo abaki salama." Na huyo "mumeo" alikuwa kambebea sanduku lake.

Jioni hiyo hiyo Lewis akapiga simu, katoka baharini.

"Nguruwe? Nani kasema? Ng'ombe mtupu, Alfani! Niliichagua mwenyewe."

Tangu hapo sikuwa na mume, nilikuwa na upepo ndani ya nyumba. Aliyafukua makubadhi, akayafuta, akayaanika, akayaanua, akayatia mafuta. Alimshonea Lewis mshono mmoja ukaenda upande, akaufumua siku nzima. Mama hakuwa akipiga simu, na sisi tukaogopa kumpigia.

Kisha asubuhi moja, tuko kwenye chai, ikaja simu ya kaka yangu Jaafar aliyefuatana na mama Makka. Nikaiweka kwa sauti kubwa kama kawaida yangu, nipate kupeleka ujumbe.

"Twaiba, mpe Alfani," sauti ya mama ikasema.

Nikamnyooshea simu. Alfani aliipokea amesimama.

"Mama, ilikuwa ng'ombe," akasema kabla hata ya salamu. "Lewis kasema. Nimekuvua makubadhi bure."

Kule tukasikia watu wakipita.

"Basi ng'ombe," mama akasema. "Lakini wewe hukujua, na ukaniambia. Malapa haya yananiua, Alfani. Kila yakinikata nakuombea dua. Na leo nataka nimwombee na mamako. Simjui jina. Miaka yote hii sikuuliza, ndiyo aibu yangu mimi. Aliitwa nani, mwanangu?"

Alfani akakaa. Palepale sakafuni, mgongo ukutani, simu kaishika kwa mikono miwili.

"Mbodze," akasema. "Mbodze binti Dzombo."

Chai yake ikapoa, nami sikumwambia ainuke.