Mtego wa Mililita Ishirini

"Umenikata ulimi, wewe! Umenikata—"

"Dada, nisikilize kwanza—"

"—ulimi mbele ya watu elfu sitini, halafu—"

"—nimekata ukimya mimi, sijakata ulimi, ukimya na ulimi ni—"

"—halafu unanikenulia meno!"

"Sikenui! Ndivyo uso wangu ulivyo, muulize mama!"

Kelele zote hizo hazikufika popote. Chumba kilikuwa stoo ya zamani ya chuo, kuta zake zimebandikwa trei za mayai kutoka sakafuni hadi darini ili sauti isivuje, kwa hiyo ugomvi uliishia humohumo, ukazunguka, ukawarudia wenyewe masikioni. Dada mtu alikuwa amesimama mlangoni na koti jeupe la duka la dawa. Alikuwa ametoka nalo mbio hata bila kulivua. Mdogo wake alikuwa kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu, mbele ya kompyuta mbili. Kila dada alipopiga hatua moja mbele, yeye alirudi nyuma kwa kiti mpaka kikagota ukutani.

Chuoni walimwita Mkasi, maana kazi yake ilikuwa kukata video za masomo. Masomo ya bure, ya mtandaoni, mtu anajifunza akiwa kwake. Mwenyewe digrii yake aliiacha mwaka wa tatu, na akiulizwa husema iko kwenye jokofu, siku wakija wageni ataipasha moto. Kila kitu kwake kilikuwa utani. Hata siku dada yake alipoambiwa mkataba hautaongezwa, kwa kuwa masomo yake yote yameshatiwa kwenye video, Mkasi alimwambia, "Usijali, dada, wamekufukuza lakini wamebaki na sura yako." Dada hakucheka, na siku hiyo Mkasi alikula chakula cha jioni peke yake.

Dada alikuwa amefundisha wauguzi hesabu za dawa miaka kumi na tisa. Wote walimwita Mwalimu, hata muuza maji wa getini. Tangu atolewe alikuwa anasimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa, na video zake hakuwahi kuzitazama hata moja. Hakutaka kumwona yule mwanamke wa kwenye kioo cha simu anafanya kazi yake bila yeye.

Asubuhi ya leo ndiyo alimwona. Aliingia dukani muuguzi mpya wa zahanati ya jirani, binti mwenye haraka zake, akaomba chupa tano za dawa ya maji ya watoto.

"Tano? Kuna watoto wangapi huko?" Mwalimu akauliza.

"Mmoja. Dozi yake mililita ishirini, asubuhi na jioni."

"Ana kilo ngapi?"

"Nane."

"Mtoto wa kilo nane umpe mililita ishirini? Binti, hiyo ni mbili! Ishirini utamzika!"

Binti akamtazama Mwalimu kama anavyotazamwa mtu anayebishana na saa. Akatoa simu. "Mama, mimi nina cheti. Nimesoma kwa mtaalamu. Hebu muone mwenyewe."

Na Mwalimu akajiona. Ni yeye, na miwani yake, na chaki yake, mbele ya ubao wake. "Mtoto ana kilo nane, miligramu tano kwa kila kilo, jumla arobaini. Dawa hii ina miligramu mia moja ndani ya mililita tano. Kwa hiyo tunampa mililita ishirini. Tuendelee."

Chupa hakuuza hata moja. Alimkalisha binti chini, akampigisha hesabu kwa kalamu mpaka mbili ikatoka, na binti akaanza kulia. Aliposikia mtoto hajapewa hata tone, Mwalimu akamwachia mwenye duka funguo, akatoka.

Tatizo ni kwamba ile ishirini aliiandika kwa makusudi. Ndio ulikuwa ufundishaji wake. Kila kipindi alipanda kosa moja ubaoni, akanyamaza, akasubiri. Darasa linakodoa macho. Wanaangaliana. Sekunde tano, sita, wanaanza kukuna vichwa, halafu mmoja anaruka, "Mtego!" na darasa zima linalipuka, na Mwalimu anafuta, anaandika jibu sahihi kubwa kama mlango, anasema, "Ndiyo, mtego. Siku moja atakayekosea hatakuwa mwalimu, atakuwa daktari amechoka, na wewe ndiye utakayepiga kelele." Wanafunzi wake walitoka hapo hawamwamini mtu, na hicho ndicho alichokitaka.

"Ulikaa kimya sekunde kumi na moja!" Mkasi alisema sasa, kiti kimegota ukutani, hana tena pa kurudi. "Kumi na moja, dada! Mtandaoni mtu akinyamaza sekunde tatu, watazamaji wamehama. Bosi kasema kata kila ukimya. Nikakata."

"Na ile 'Mtego!'?"

"Wanafunzi hawakuwa na maikrofoni. Ilisikika kama kuku wamevamiwa nje ya dirisha. Nikakata."

"Na mimi nilipofuta? Nilipoandika mbili?"

Mkasi akaangalia viatu vyake. "Ulikuwa umegeukia ubao, sauti haisikiki. Nikakata mpaka pale uliposema tuendelee, ubao umeshafutwa tena."

"Wewe uliyelelewa na mimi. Mitego yangu unaijua tangu unanyonya kidole."

"Nilikuwa na video mia mbili za kukata kwa wiki tatu! Sikuwa nasikiliza maneno, nilikuwa naangalia michirizi ya sauti tu, pakiwa bapa nakata! Na wewe je? Miezi minane iko hewani. Ungeitazama hata mara moja, dada. Mara moja tu!"

Hiyo ilimpata. Mwalimu akanyoosha kidole kwenye kompyuta.

"Itoe," alisema. "Sasa hivi."

"Nikiitoa bila ruhusa ya bosi, kesho tuko wawili nyuma ya kaunta."

"Basi twende kwa bosi."

Bosi wa kitengo cha masomo ya mtandaoni alikuwa na ofisi ya vioo na luninga kubwa ukutani iliyoonyesha kitu kimoja: idadi ya watu wanaotazama video ya chuo inayoongoza, inapanda mbele ya macho yako. Alimpokea Mwalimu kwa mikono miwili kana kwamba si yeye aliyetia sahihi barua ya kumtoa.

"Mwalimu wangu! Nyota yetu! Unajua video yako ndiyo namba moja?"

"Video yangu itaua mtoto."

Akamweleza. Alimweleza taratibu, kwa sauti ya chini, na Mkasi aliyemjua dada yake alijisogeza karibu na mlango, kwa sababu dada akishusha sauti hivyo ujue moto uko jikoni.

Bosi alisikiliza huku macho yanamponyoka kuelekea luninga. "Naelewa. Ni jambo la kufanyia kazi. Tutaliweka kwenye kikao cha mwezi ujao. Lakini kuitoa ghafla, Mwalimu, namba zitaanguka. Na hakuna aliyelalamika! Asilimia tisini na nane wamefaulu mtihani wa somo hilo."

"Mtihani gani? Mimi sikutunga mtihani."

"Mashine inatunga yenyewe kutokana na video. Na inasahihisha yenyewe. Ndiyo raha ya teknolojia."

Mwalimu alinyamaza. Alinyamaza kwa ule ukimya wake wa darasani, na bosi, ambaye hakuwahi kukaa darasa lake, akadhani ameshinda.

"Mashine ilipata jibu wapi?" akauliza Mwalimu.

"Kwenye vi..." Bosi akaishia hapo.

"Kwa hiyo waliofaulu ndio walioandika ishirini. Mkasi! Hao asilimia mbili waliofeli waliandika nini?"

Mkasi alikuwa ameshakaa, kafungua juu ya magoti kompyuta ndogo aliyokuja nayo. Akasogeza kidole, akasogeza tena, na yale meno yake ya siku zote yakapotea. "Mbili," alisema. "Karibu wote wameandika mbili. Walirudia, wakaona mashine inawakatalia, wakakata tamaa. Ila kuna mmoja... huyu karudia mara kumi na nne. Mara zote kumi na nne kaandika mbili. Na chini ya video kaandika maneno, mashine imeyaficha ikidhani ni mtu anasumbua. Sikiliza: 'Mwalimu, huu si mtego? Mbona hujasema? Bado nasubiri.' Kaweka na namba ya simu."

"Piga."

"Jamani, hakuna haja ya..." bosi alianza.

"Piga, na uweke spika."

Simu iliita mara tatu. Ikapokewa na sauti ya mwanamke, nyuma yake maji yanatiririka.

"Haloo, mimi ni Mwalimu wa hesabu za dawa. Wa kwenye video."

"Wewe mwenyewe, au umerekodiwa?"

"Mimi mwenyewe."

"Kohoa kama ulivyokuwa unakohoa darasani, nisikie."

Mwalimu akakohoa. Mkasi akajifunika mdomo.

"Ni yeye!" Sauti ikapanda. "Mwalimu, shikamoo! Nilikaa darasani kwako muhula mmoja, dawati la mwisho, karibu na dirisha bovu. Niliacha, nyumbani kulikuwa na mgonjwa. Uliponitokea kwenye simu, tena bure, nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikasema sasa namaliza. Somo la nne ukaandika ishirini, nikapiga kelele jikoni, 'Mtego!' Watoto wangu wakakimbia kuja kuangalia. Nikasubiri uniambie ndiyo. Ukasema tuendelee."

"Sikusema hivyo, mwanangu. Nilikatwa."

"Nilijua! Nikawaambia, huyu mama hawezi. Nikajibu mbili. Mashine ikasema jaribu tena. Nikajibu mbili. Wenzangu wote hapa zahanati wakaandika ishirini, wakapata vyeti. Mimi bila cheti ni msaidizi tu, nabeba mabeseni. Juzi mwenye cheti akajaza kikombe mililita ishirini ampe mtoto, nikamdaka mkono. Dawa ikamwagika sakafuni. Nikaitwa ofisini nikaambiwa, asiye na cheti hamfundishi mwenye cheti. Ndiyo hapa nilipo sasa, nafua mashuka."

Mwalimu alikuwa ameshika ukingo wa meza ya bosi kwa mikono miwili. Alipoongea hakuongea na simu. "Umesikia? Mtu aliyefundishika kuliko wote kwenye video yako, mmemfelisha mara kumi na nne. Mnajivunia kuwa ni bure. Hata bure ina adabu yake! Ukimpa mtu chakula cha bure humtilii mchanga ukasema ashukuru, hajalipa! Mlitaka sura yangu, mkachukua. Sauti, mkachukua. Kilichokuwa kinafundisha ni ule ukimya, na hicho mkakiona takataka!"

Bosi alikuwa na tabasamu la mtu anayezima moto kwa leso. Akainamia simu. "Dada yangu, pole sana. Mimi ni mkuu wa kitengo. Suala lako ni dogo, nalimaliza leo hii. Cheti chako utakipata, cha kufaulu, alama zote. Hakuna haja ya kulipeleka mbali. Sawa?"

Kukawa kimya. Maji tu yanatiririka. Mkasi akahesabu moyoni, kwa mazoea ya kazi: moja, mbili, tatu. Hapo kwa kawaida angekata. Akamtazama dada yake, akaitazama kompyuta iliyo magotini pake, akabonyeza mara mbili.

Kwenye luninga kubwa namba zilisimama, kisha zikatoweka. Ukabaki mstari mmoja wa maandishi: Somo hili limeondolewa.

"Umefanya nini?" Bosi aliruka. "Umefanya nini, wewe?"

"Nimekata," alisema Mkasi.

"Umekata nini?"

"Ishirini. Na nimemtumia ujumbe kila aliyewahi kusoma somo hili: ni mbili, ishirini ulikuwa mtego, acheni mnachofanya mkahesabu upya. Watu elfu sitini na moja. Wameanza kujibu, bosi, tena wana hasira. Simu yako ndiyo niliyoiweka ya malalamiko." Meno yalikuwa yamerudi. "Dada, hapo kaunta kuna koti la saizi yangu?"

Simu ya bosi ilianza kutetemeka mezani. Hakuigusa.

Mwalimu alimpiga mdogo wake kikofi kidogo cha kisogoni, kile cha utotoni, akainamia simu. "Mwanangu, upo?"

"Nipo. Nimesikia yote."

"Ulikuwa sahihi mara zote kumi na nne. Nitakuja mwenyewe huko zahanati niwaambie. Na cheti nitahakikisha..."

"Hapana, Mwalimu. Hicho cha kufaulu sikitaki, wanacho wote walioandika ishirini." Maji yakafungwa, na sauti ikasikika wazi kabisa. "Naomba mnichapie cha kufeli. Kiandikwe vizuri, amefeli mara kumi na nne, na mhuri wa chuo, na sahihi yako wewe. Nataka nikitundike pale wodini, juu ya kabati la dawa."