Ukuta wa Banda la Baba

Mwaka niliotoa ushahidi, baba yangu alipaka maneno kwenye ukuta wa banda la ng'ombe. Ilikuwa Juni, mbao zimekauka vizuri, akachukua rangi nyeupe akaandika juu ya ile nyekundu ya zamani, herufi ndefu kuliko yeye mwenyewe, zikaielekea barabara kuu ambayo sina budi kuipita kila ninapokwenda nyumbani. KETTERING HANA HATIA. Jina langu halikuwepo, lakini hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kama Kettering hana hatia, basi mwongo ni binti wa mwenye banda, na wilaya nzima inajua mimi ni mtoto wa Orlin Thorsgaard.

Chama sikitaji. Nikikitaja, nusu yenu mtaanza kunishangilia na nusu kunizomea kabla sijafika popote, na mimi nimechoka na yote mawili. Itoshe kwamba kilikuwa chama chetu. Nilizaliwa ndani yake kama nilivyozaliwa ndani ya kanisa la Kilutheri na kazi ya kukamua alfajiri. Kwenye gwaride la Julai Nne, siku ya uhuru, Mjomba Verlyn, kaka yake Mama, alinibeba mabegani nikipeperusha kijibendera cha mgombea wetu hata kabla sijajua kusoma kilichoandikwa. Nilipopata kazi katika ofisi ya Gavana Wade Kettering, Mama alilia kwa furaha. Baba akaenda kwenye mkahawa wa LaDonna, ambako wakulima hunywa kahawa baada ya kukamua, akawanunulia pai wote waliokuwemo. Baba yangu hanunuliagi mtu pai.

Kazi yangu ilikuwa kupanga ratiba ya gavana: nani anamwona, lini, wapi. Kwa hiyo nilikuwepo siku mkandarasi mmoja wa barabara alipokuja kumkabidhi funguo za nyumba mpya kando ya ziwa. "Mkeo akitaka jiko jingine, aseme tu," mkandarasi akasema, wakacheka wote wawili, na mimi nikatabasamu kwa adabu. Muda si mrefu barabara mpya ya kuzunguka mji akapewa yeye aijenge. Wapelelezi waliponiuliza, nilieleza nilichokiona, na baadaye nikala kiapo mbele ya jaji kwenye kikao cha awali nikaeleza tena. Msinipe ushujaa. Niliulizwa, nikajibu. Ndivyo nilivyolelewa, na aliyenilea hivyo ni yuleyule aliyeshika brashi.

Mashtaka yalipofunguliwa Kettering alikuwa ameshatoka madarakani, na hapo ndipo alipopendwa kweli. Akiwa gavana, pale kwa LaDonna walimtukana kutwa kwa bei ya maziwa. Akiwa mshtakiwa, akawa mtoto wa kila nyumba. Walivaa kofia zake, walibandika jina lake nyuma ya magari, walimwombea kanisani. Wale wameshindwa kwenye kura, walisema, sasa wanamwinda mahakamani. Na nisiwe mnafiki: mambo hayo hufanyika, wao huyafanya na sisi huyafanya, ndiyo maana ilikuwa rahisi kuamini. Lakini mimi nilikuwa mle ofisini. Nilizisikia zile funguo zikigonga meza.

Nilitaka kitu kimoja tu. Sikutaka Kettering afungwe, sikutaka mtu aniombe radhi gazetini. Nilitaka Baba aseme, "Nakuamini." Basi.

Badala yake mtu mwenyewe akaja nyumbani. Mimi nilikuwa mjini. Mama alinisimulia kwa simu, na fahari yote ikasikika. Kettering alipigwa picha mbele ya ukuta, mkono begani kwa Baba. Akaingia ndani, akaketi kwenye kiti changu, kile cha upande wa dirisha, akala pai ya tufaha, akaongezwa. Kisha akamshika Mama mkono akamwambia kwamba yeye hamlaumu binti yao, binti amechanganywa akili na watu wabaya, na ameshamsamehe.

"Amekusamehe, Maren," Mama akasema. "Mtu mkubwa kama yule. Si umpigie tu, umwombe radhi, yaishe?"

"Nimwombe radhi ya nini, Mama?"

"Wewe nawe. Kila siku lazima uwe wewe mwenye haki."

"Nilikuwepo, Mama. Nyinyi hamkuwepo."

"Baba yako analala vibaya kwa ajili yako," akasema, akakata simu.

Tangu hapo hatukuzungumza ila siku za kuzaliwa. Nilipokuwa na safari ya upande ule, nilizunguka kwa njia ya kwenye kinu ili nisipite kwenye ukuta.

Kesi ilipangwa Novemba. Mimi nilikuwa shahidi wa kwanza. Asubuhi hiyo ngazi za mahakama zilijaa watu wetu, mabango mikononi, pumzi zikitoka moshi kwa baridi, na mbele yao wote Mjomba Verlyn na beji ya Kettering kubwa kama sahani.

"Mpisheni, mpisheni," akasema. "Bibi Ukweli anapita."

"Habari za asubuhi, Mjomba."

"Mjomba wa nani? Mimi sina mpwa anayelipwa na wale."

"Ningekuwa nalipwa, Mjomba, ningenunua gari lenye joto ndani."

Watu wawili wakacheka, kisha wakakumbuka wako upande gani.

Ndani, Mama alikuwa ameketi nyuma ya mshtakiwa, amevaa koti lake la kanisani, beji kifuani. Baba hakuja, ng'ombe hawana sikukuu, na tangu mgongo wake uharibike alikuwa haketi kwenye benchi muda mrefu. Mama aliniona. Akaangalia mikono yake.

Kisha kila kitu kikaisha kabla hakijaanza. Mawakili walisimama wakasema wameelewana usiku uliopita: Kettering atakiri, na hatakwenda gerezani, atatumikia adhabu akiwa nyumbani kwake. Minong'ono ikapita kwenye mabenchi. Lakini kwetu mtu akikiri hawezi kujificha nyuma ya wakili; jaji humuuliza, naye hujibu kwa mdomo wake. Jaji alikuwa mwanamke mzee mwenye mafua, sanduku la karatasi laini mezani. Akamuuliza kuhusu nyumba ya ziwani. Ndiyo, aliipokea. Ndiyo, alijua ni ya nini.

"Na yale uliyoyasema hadharani kuhusu shahidi, Maren Thorsgaard, kwamba ametunga hadithi?"

"Hayakuwa kweli, Mheshimiwa."

"Ulipoyasema, ulijua si kweli?"

Akamtazama wakili wake. Wakili akatikisa kichwa kukubali.

"Nilijua," Kettering akasema, akanywa maji.

Alisema kama mtu anayetaja anwani yake. Alijua alipokuwa akipigwa picha na baba yangu. Alijua akiwa ameketi kwenye kiti changu, mdomo umejaa pai ya Mama. Nilidhani nitafurahi, na mwili wote ulikuwa umejiandaa kufurahi, lakini nilichofanya ni kumtazama Mama. Alikuwa ameweka kiganja juu ya beji, hakuivua, ameifunika tu. Nikangoja ageuke anitazame. Akachukua mkoba wake, akatoka kwa mlango wa upande mwingine pamoja na watu wake.

Nje, Verlyn alikuwa ameshapata jibu.

"Wamemlazimisha," aliwaambia wenzake. "Wamembana mpaka amesema wanachotaka. Nani asingesema? Ana wajukuu yule."

"Amesema mwenyewe, Mjomba," nikamwambia.

"Kasema mdomo. Mdomo si moyo."

Wakakunja mabango yao vizuri, bila kuyachana, maana yatahitajika tena.

Siku zile simu yangu haikupumzika. Watu wa chama cha pili, ambao maishani sijawahi kuwapigia kura, walinipongeza kana kwamba nimewafungia bao. Mmoja alitaka nije kwenye chakula chao cha jioni nihutubie. Nikamwambia aende akahutubie ng'ombe. Kwa upande wangu mwenyewe hakuna aliyepiga.

Wiki ya Sikukuu ya Shukrani, Mama akapiga.

"Alhamisi utakuja? Nimenunua bata mzinga mkubwa, sijui kwa nini, tuko wawili."

"Ukuta bado unasema?"

Nikasikia redio ya jikoni, bei ya mahindi.

"Baba yako alikwenda dukani kuulizia. Wamemwambia rangi haishiki kwenye baridi hii. Ukipaka leo, kesho inabanduka. Mpaka Aprili."

"Basi tuonane Aprili, Mama."

"Maren, mwanangu."

"Aliandika kwa raha zake kwenye jua. Na mimi sina haraka."

Nilikata, nikalia kwa hasira jikoni kwangu mpaka nikajichukia. Alhamisi ilipofika nikaingia garini. Nilijiambia naenda kuutazama tu ule ukuta, nigeuze, nirudi.

Barabara ilikuwa na theluji nyembamba. Nilipofika kwenye kona ya makaburi, ambako banda huanza kuonekana, nilipunguza mwendo kama mtu anayengoja kofi. Na maneno hayakuwepo. Ukuta mzima ulikuwa wa kijivu, mbao zisizo na rangi yoyote, na ngazi bado imeegemea pale, theluji chini yake imekanyagwakanyagwa. Ilinichukua muda kuelewa. Alikuwa amezing'oa mbao moja baada ya nyingine, akazigeuza, akazipigilia tena, upande wenye rangi ukaangalia ndani. Mzee mwenye mgongo mbovu, kwenye baridi ile. Moyo wangu uliruka kama wa mtoto. Nikaegesha gari nikakimbilia bandani bila hata kufunga mlango.

Kwetu chakula cha sikukuu husubiri ng'ombe, kwa hiyo alikuwa anakamua. Mle ndani kulikuwa na joto la wanyama na ile sauti ya mashine, tik-tak, tik-tak, niliyolala nayo utotoni. Ukutani, nyuma ya mikia, herufi nyeupe zimevurugika, kipande cha hii kando ya kipande cha ile, hazisomeki. Baba alikuwa amefunga kidole gumba kwa kitambaa.

"Umefika," akasema.

"Umezigeuza zote."

"Misumari mingine ilikatika. Upepo unaingia pale kwenye kona. Nitapaziba."

"Peke yako?"

"Verlyn nilimwita. Alikataa." Akamhamia ng'ombe mwingine, akainama polepole, akamvisha mashine. Bila kuinuka akasema, "Nilikosea, Maren."

Ningeiacha pale. Mtu mwenye busara angeiacha pale, angeingia ndani, angekula viazi. Lakini nilikuwa nimelingoja lile neno moja muda mrefu, na sasa lilikuwa karibu mno.

"Kwa hiyo unaniamini, Baba?"

"Nakuamini," akasema. "Si amesema mwenyewe."

Nilidhani sikumwelewa.

"Nani?"

"Kettering. Mama yako alikuwepo, kamsikia kwa masikio yake. Mtu hawezi kusimama mbele ya jaji akasema vile kama si kweli."

"Mimi nilisimama mbele ya jaji, Baba. Nikaapa."

"Najua."

"Nikasema vilevile. Muda wote ule, kabla yake."

"Najua, nimekuambia najua."

"Na haikutosha. Ikabidi aseme yeye."

Baba akajifanya kukagua mrija wa maziwa, ambao haukuwa na kasoro yoyote.

"Angekufa kabla ya kesi," nikamuuliza, "ungeniamini lini?"

Alinyooka akishika mgongo. Alitazama ukuta, akanitazama mimi, nikaona kwamba anafikiri kwa dhati, hatafuti pa kutorokea. Baba yangu ana kasoro zake, lakini bandani hadanganyi mtu. Mle ndani alinifundisha kwamba ukidanganya kuhusu ng'ombe mgonjwa, unapoteza zizi zima.

"Sijui," akasema.

"Kwa hiyo hata leo unayemwamini ni yeye."

Mashine iliendelea, tik-tak. Nilikuwa tayari kwa ugomvi. Nilitamani ugomvi, nilitamani apaze sauti, aniambie nina kiburi, chochote.

"Inaonekana hivyo," Baba akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Sipendi, lakini inaonekana hivyo."

Kettering hakunisaliti mimi. Alikuwa mwajiri tu, na tangu siku ya zile funguo nilimjua alivyo. Huyu mzee mwenye kidole kilichofungwa kitambaa ndiye nilidhani namjua.

Ng'ombe wa mwisho alikuwa ameanza kugeuza kichwa akiuliza zamu yake. Nikachukua kitambaa cha moto, nikampangusa, nikamvisha mashine, maana yeye hana chama. Tukamaliza. Baba akaosha ndoo, nami nikamshikia bomba, kama zamani.

Nilipotoka kulikuwa kunaanza giza. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jiko amevaa aproni, taa nyuma yake, na harufu ya bata mzinga imefika mpaka uani. Akanipungia mkono niingie. Nami nikampungia mkono, nikaingia garini, nikawasha injini.