Msiba wa Kuazima

Mwenyekiti wa klabu yetu ya wasemaji hapa Kitwe anajua kulia kwa jicho moja. Sisemi uongo. Alitufundisha Jumatano moja, tumebanana kwenye viti vya watoto katika darasa la shule ya kanisa, magoti karibu yatuguse kidevu. "Ukilia macho mawili, watu watakuonea huruma," alisema. "Ukilia jicho moja, watakupa kombe." Akageuza uso kwenye taa, akakaza taya, na chozi likatoka kweli, likateremka taratibu mpaka kwenye sharubu. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi mate yalinijaa mdomoni kama niliyemeza nzi.

Jina lake Chitalu Kapembwa, Mbemba wa damu, lakini Kitwe nzima na Ndola nzima wanamwita Baba Lubuto, kwa jina la bintiye wa kwanza. Huku kwetu ukishazaa, jina lako la zamani linabaki kwenye kitambulisho tu. Mimi mwenyewe ni Mama Tamanda, Mngoni wa Chipata niliyeolewa huku Ukanda wa Shaba. Wangoni na Wabemba ni watani tangu babu zetu walipochoka kuuana. Naweza kumwita Mbemba mla nyani mbele ya askofu, naye akaniita mla panya, na askofu akacheka mpaka akashika mbavu. Hata msibani mtani ana ruhusa. Tena msibani ndiyo hasa: Mbemba akifiwa, mimi ndiye wa kuingia nikipiga kelele kwamba marehemu anajifanya tu, ainuke akalipe madeni yake, na wafiwa hucheka huku wanalia. Nimeupenda utani huo maisha yangu yote, mpaka mwaka huu.

Klabu yenyewe haikuwa mbaya. Unachomoa mada kwenye kofia na kuizungumzia papo hapo. Mmoja anagonga glasi kila ukisema "aaa". Mwingine anawasha taa ya kijani, ya njano, halafu nyekundu, ukae chini. Mwisho anasimama mkosoaji, ambaye ni lazima akusifu, akukosoe, kisha akusifu tena, hata kama ulichosema ni uozo mtupu. Nimeona watu walioingia wakitetemeka wakatoka na sauti zao. Ndiyo maana nilimpeleka jirani yangu, Mama Mwape.

Mwanawe Mwape alikufa maji mwaka juzi, kwenye shimo la wachimba mchanga lililojaa mvua. Tangu siku ile mama yake hajawahi kutamka kwamba amekufa. Ukimuuliza, anasema "hayupo", kana kwamba mtoto katumwa dukani. Sasa mumewe alikuwa anajengea kaburi, na siku ya kulizindua ilitakiwa mama aseme machache.

"Nataka niseme mara moja tu, mpaka mwisho," aliniambia tukichambua mboga. "Mama Tamanda, hili neno limenikaa hapa." Akajishika koo.

Akasimama klabuni. Akaeleza asubuhi ile, jinsi alivyokuwa anasonga nshima, na Mwape anamvutavuta kitenge akitaka kwenda na wenzake kuokota matunda ya masuku porini. Akafika hapo. "Nikamwambia..." akasema, kisha akafunga mdomo, akarudi kukaa. Mgonga glasi alikuwa ameiweka chini kitambo.

Yeye Baba Lubuto akasimama, akifunga kifungo cha koti. "Mama, sauti yako nzuri, hongera. Ila umetunyima kilele! Umetupandisha mlima ukatuacha njiani. Halafu mtoto mwenyewe hatumwoni. Alivaa nini?"

Na yule mwanamke, kwa heshima aliyolelewa nayo, akamjibu. "Raba nyekundu. Ya kushoto ilikatika kamba, nikaifunga kwa uzi."

"Ehee! Umeona? Hiyo dhahabu, mama, hiyo!" Akachekelea, akijipapasa mapaja kama mtu aliyewekewa sahani ya nyama. Mama Mwape hakurudi klabuni tena.

Yalipofika mashindano ya Ndola, nilimbembeleza twende tu tukasikilize, labda angeona wengine wanavyofika mwisho. Akakubali shingo upande. Ukumbi ulijaa wanaklabu wa miji yote ya shaba, wamevaa nguo za kanisani. Mke wa Baba Lubuto alikuwa safu ya mbele yetu na Lubuto mwenyewe, kitoto cha darasa la pili, anakula vitumbua na kujifuta mafuta kwenye gauni.

Baba Lubuto akapanda jukwaani. Akanyamaza kwanza, kama anavyotufundisha. Kisha akaanza kwa sauti ya chini: "Mwanangu wa kwanza alipenda masuku."

Mama Mwape alinishika mkono akaubana mpaka kucha zikaingia.

Alichukua yote, msikie mwizi huyu. Alichukua mvua, shimo, kitenge kikageuka suruali yake. Raba nyekundu alizipa uzi wake, akainua mguu wa kushoto kutuonyesha. Mke wake alikuwa anageuka huku na huku kama aliyekosea ukumbi. Na alipofika pale ambapo Mama Mwape hukwama, yeye hakukwama hata kidogo. Aliteleza tu: "Nikamwambia, nenda." Chozi likatoka. La jicho moja.

Sikuweza kuvumilia. Nikasimama. "Mwongo wewe! Mwizi! Hujafiwa wewe, mla nyani! Mtoto wako yuko hapa, anakula!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kicheko kile chenye machozi, cha msibani.

"Mtani huyo, mtani kafika!" akaita mzee mmoja nyuma. "Wangoni bwana, hata kwenye maiki hawana breki!"

"Mwacheni afanye kazi yake," akasema jaji, akijifuta macho.

"Sitanii!" nikapiga kelele. "Jamani, leo sitanii!"

Wakacheka zaidi, maana ndivyo mtani husema. Nikaona nilichofanya. Kama kulikuwa na mtu ndani ya ule ukumbi aliyekuwa na shaka, shaka ilimtoka, kwa kuwa Mngoni hasimami kumtukana Mbemba hivyo ila pana maiti ya kweli. Mimi kwa mdomo wangu nilikuwa nimemthibitishia msiba wake yule mbwa.

Wanawake wakainuka. Huku kifo kikishatajwa mbele yako na hukukililia, utaitwa nani kama si mchawi? Wakajifunga vitenge kiunoni juu ya magauni, wakasogea wakakaa sakafuni mbele ya jukwaa, wakaanza. Na jina la mtoto hawakuhitaji kuuliza. Mwanawe wa kwanza wanamjua wote, ndiye wanayemwitia baba yake kila siku.

"Lubuto! Mayo, mama wee, Lubuto wetu!"

Baba Lubuto akashtuka. Nilimwona. Hilo hakulipigia hesabu, kwamba jina la mtoto amelivaa yeye mwenyewe mwilini. Angeweza kusema hapana, akina mama, nyamazeni, mwanangu yu hai. Neno moja tu. Akatazama meza ya majaji, akatazama kombe. Kisha akainamisha kichwa, akapokea pole.

Kitumbua kikaanguka. Lubuto alikuwa amesimama juu ya kiti.

"Baba," akaita, "mimi nimekufa?"

Vilio vikakatika. Mama yake alijaribu kumshika. Na yule mwanamume, Mungu aniwie radhi kwa ninachomwombea hadi leo, aliinua maiki akasema, kwa ile sauti yake laini ya kufundishia: "Kaa chini, Lubuto. Baba anamaliza."

Nimewahi kusafisha choo cha soko wakati wa kipindupindu, na sikutapika. Siku ile nilitapika, pale pale, kwenye kitambaa changu cha kichwa.

Nilipoinua uso, Mama Mwape hakuwa kando yangu. Alikuwa amezunguka safu, amepiga magoti mbele ya kile kiti. Mtoto alikuwa anatetemeka kidevu. Mama Mwape hakumtazama Baba Lubuto hata mara moja. Akamshika mtoto miguu yote miwili, kama anayetaka kuhakikisha ina joto.

"Hapana, mama," akamwambia. "Wewe hukufa. Wewe uko hapa."

"Amekufa nani?"

Mama Mwape akafungua mdomo. Akasema "aaa", akasema tena "aaa", muda mrefu, na ukumbi wote wa wasemaji ukangoja bila hata kukohoa.

"Mwape," akasema. "Mwape wangu amekufa. Alikuwa mkubwa kama wewe. Alinisumbua jikoni nikamwambia nenda, akaenda, akafa."

Mtoto akamfuta shavu kwa kiganja chenye mafuta. Na wale wanawake waliokaa sakafuni wakainuka mmoja mmoja, wakampa mgongo mwenye maiki, wakaja kukaa tena upande wetu, kumzunguka. Wakaanza kulia upya, safari hii kwa jina lenyewe.